Foleni Kwenye Waya: Kwa Nini Intaneti ya Ofisi Inakwama Ilhali Megabiti Zipo

Saa nne asubuhi, katika ofisi ya Kigoma mjini yenye kompyuta kumi na tano na simu janja mara mbili ya hapo, lalamiko huwa moja: mtandao umekwama. Mhasibu anatazama duara likizunguka kwenye mfumo wa malipo. Anayezungumza na Dar es Salaam kwa simu ya intaneti anasikia nusu ya maneno. Fundi anaitwa, anapima spidi, anakuta megabiti 9.6 kati ya 10 zinazolipiwa, anasema mtandao ni mzima. Wote wanasema kweli. Kipimo cha spidi kimejibu swali moja, na watumiaji wanasumbuliwa na jambo lingine kabisa.

Mwezi unaofuata ofisi inanunua megabiti 20. Hali inatulia siku chache, kisha kero inarudi palepale. Fedha nyingi za shule, zahanati na ofisi ndogo hupotea kwa namna hii, na inauma kwa sababu dawa yake mara nyingi ni kuipanga vizuri ruta, kifaa kinachoiunganisha ofisi na intaneti, ambayo tayari ipo ukutani.

Upana si mwendo

Upana wa njia ni idadi ya biti zinazoweza kupita kwa sekunde moja. Ucheleweshaji ni muda ambao pakiti moja, yaani kifungu kidogo cha data, hutumia kwenda na kurudi. Mkazi wa Kigoma anaijua tofauti hii kupitia reli ya kati: ukiunga mabehewa kumi zaidi, treni itabeba abiria wengi zaidi, lakini haitafika Dar es Salaam mapema hata kwa dakika moja.

Ndani ya uzi wa kioo mwanga husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kwa reli, Kigoma hadi Dar es Salaam ni kilomita 1,250 hivi. Kama uzi ungefuata reli moja kwa moja, kwenda na kurudi kungechukua milisekunde 12 na nusu. Uzi halisi huzunguka na vifaa vya njiani huongeza muda kidogo, kwa hiyo kupata 20 au 30 si vibaya. Seva ikiwa Ulaya, ongeza kebo ya baharini: kila kilomita 10,000 ni milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi. Muda huo hakuna bili inayoweza kuufuta, kwa sababu ni umbali.

Lakini ofisi yetu ya saa nne haisumbuliwi na milisekunde 30 wala 150. Ukipima wakati ule wa kukwama utakuta 2,000. Umbali haujabadilika tangu alfajiri. Kilichoongezeka ni foleni, na foleni hiyo imekaa ndani ya modemu, kisanduku kidogo cha mtoa huduma kwenye ukuta wako.

Foleni inavyojengeka

Chukua kiungo cha kawaida: megabiti 10 za kushusha na 2 za kupandisha. Ndani ya ofisi, kompyuta zinazungumza na ruta kwa megabiti 100 au 1,000 kwa sekunde. Mlango mpana unamwaga kwenye mlango mwembamba. Pakiti zisizoweza kutoka papo hapo huwekwa kwenye kumbukumbu ya kusubiria, yaani bafa. Bila bafa, kila mshtuko mdogo wa trafiki ungepoteza pakiti. Shida ni ukubwa wake. Kumbukumbu imekuwa rahisi kununua, hivyo watengenezaji wameijaza kwenye modemu bila kuuliza mlango wa kutokea una upana gani.

Piga hesabu. Bafa ya kilobaiti 512 ni biti milioni 4.2 hivi. Kwenye njia ya kupandisha ya megabiti 2, foleni iliyojaa huchukua sekunde 2.1 kutoka. Kila pakiti inayofika nyuma yake, hata ile ndogo ya mhasibu yenye baiti 100, inasubiri sekunde hizo mbili kabla ya kuanza safari.

Nani anaijaza? Mtu mmoja anatosha. Amerudi Jumatatu kutoka harusini Ujiji akiwa na picha 300 za megabaiti 3 kila moja. Simu inaona waifai ya ofisi, inaanza kuzihifadhi mtandaoni yenyewe. Hizo ni megabaiti 900, yaani megabiti 7,200. Kwa megabiti 2 kwa sekunde, ni saa nzima ya njia iliyojaa, na mwenye simu hajui kama amegusa chochote.

Kwa nini simu isipunguze mwendo inapoona njia imejaa? Itifaki ya TCP, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata kutumiana data, kwa kawaida hujua njia imejaa pale pakiti inapopotea. Kanuni hiyo ilizaliwa kwa maumivu. Oktoba 1986, kiungo kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, umbali wa yadi 400 tu, kilianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Kompyuta zilikuwa zinarudia kutuma pakiti zilezile na kuzidisha msongamano. Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, alichapisha tiba mwaka 1988: mtumaji aongeze kasi polepole, na pakiti ikipotea apunguze kwa nguvu. Hadi leo mtandao unasimama juu ya msingi huo.

Sasa weka bafa kubwa katikati. Pakiti hazipotei, zinasubiri tu. Mtumaji haoni hasara yoyote, anaamini barabara iko wazi, anazidi kumimina. Ishara ya kupunguza inamfikia bafa ikiwa imejaa hadi ukingoni, na huo ndio uvimbe wa bafa ambao mhandisi Jim Gettys wa Marekani alianza kuuandikia kwa kina kuanzia mwishoni mwa 2010. Ndiyo sababu pia kipimo cha spidi hutoa jibu zuri: kinapima biti ngapi zimepita, na njia iliyojaa pomoni hupitisha biti nyingi sana.

Kuna dhara la pili ambalo wengi hawaliunganishi na la kwanza. Kushusha mafaili kunategemea kupandisha. Kwa kila pakiti mbili zinazoshuka, kompyuta hutuma risiti moja ndogo. Megabiti 10 za kushusha ni pakiti kama 830 kwa sekunde, sawa na risiti 415, zinazokula karibu kilobiti 220 za njia ya kupandisha. Risiti hizo zikikwama nyuma ya picha za harusi, mtumaji wa upande wa pili anasubiri, na kushusha nako kunakufa. Ofisi inanunua megabiti 20 za kushusha, ilhali kidonda kiko kwenye zile 2 za kupandisha ambazo hazikuguswa.

Pima kabla ya kugusa kitu

Tumia kompyuta iliyochomekwa kwa waya kwenye ruta, maana waifai ina maradhi yake. Fanya kipimo cha kwanza wakati hakuna mtu. Piga `ping -c 100`, amri inayotuma pakiti 100 na kupima muda wa kila jibu, kwa anwani nne: ruta yako, kituo cha kwanza cha mtoa huduma, seva iliyoko Dar es Salaam, na seva ya nje ya nchi. Andika muda wa chini, wa wastani, wa juu, na pakiti ngapi zimepotea. Kisha pandisha faili la megabaiti 200 mahali popote huku ping ikiendelea. Mwisho shusha faili kubwa, ping ikiendelea vilevile.

Soma matokeo hivi. Ruta yako yenyewe ikijibu kwa zaidi ya milisekunde chache kupitia waya, tatizo liko ndani: swichi mbovu, waya uliobanwa mlangoni, au ruta iliyoelemewa. Kituo cha kwanza kikijibu vizuri wakati wa utulivu lakini kikapanda kwa mamia ya milisekunde wakati wa kupandisha faili, hiyo ni foleni yako na unaweza kuitibu leo. Vikiwa vizuri hadi hapo, lakini Dar es Salaam inakuwa mbaya kuanzia saa mbili usiku hadi saa tano, msongamano uko kwa mtoa huduma; kusanya vipimo vya wiki mbili uende navyo mezani. Pakiti zikipotea usiku wa manane bila mtu yeyote kutumia, tafuta kiunganishi kilicholegea, uzi uliopinda au redio iliyoyumba. Hakuna mpangilio wa foleni unaoweza kuponya waya mbovu.

Tahadhari moja: baadhi ya ruta za watoa huduma huchelewa kujibu ping kwa makusudi ili zihudumie trafiki kwanza. Tumia `mtr`, programu inayopima kila kituo cha njiani. Kituo cha tatu kikionyesha milisekunde 300 lakini cha nne na cha tano vikaonyesha 30, cha tatu hakina ugonjwa.

Ihamishe foleni ije kwako

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Foleni hutokea mahali penye mlango mwembamba kuliko yote njiani. Kama mlango huo ni modemu ya mtoa huduma, foleni inakaa humo, na wewe huna mamlaka nayo. Kwa hiyo unafanya kitu kinachoonekana kichekesho kwa mara ya kwanza: unaibana ruta yako iwe nyembamba kidogo kuliko kiungo. Mlango mwembamba sasa ni wako. Modemu haijazi bafa yake kamwe, na foleni yote inakusanyika kwenye ruta yako ambako unaweza kuipanga.

Ubane kiasi gani? Pima spidi mara tano kwa nyakati tofauti, chukua matokeo ya chini yanayojirudia, kisha weka asilimia 90 yake kwa kupandisha na 85 kwa kushusha. Kushusha kunahitaji nafasi zaidi kwa sababu pakiti zimeshapita kwenye mlango wa mtoa huduma kabla hujaziona. Unachoweza ni kuziangusha chache ili mtumaji wa mbali apunguze, na mawasiliano hayo huchukua muda. Kwa kiungo chetu cha 10 kwa 2, ni 8.5 na 1.8. Watu huumia kuona megabiti moja na nusu "zimepotea". Wanachopata badala yake ni ucheleweshaji wa milisekunde 40 saa nne asubuhi badala ya 2,000.

Baada ya kuihamisha foleni, weka kanuni ya kuipanga. Kanuni ya zamani ni aliyetangulia ahudumiwe kwanza, na ndiyo inayomwacha mwenye tiketi moja asimame nyuma ya mwenye tiketi mia. Kanuni bora hufanya mambo mawili. Kwanza, kila mtiririko, yaani mawasiliano mamoja kati ya programu na seva, hupewa mstari wake na dirisha huhudumia mistari kwa zamu, pakiti kadhaa hapa, kadhaa pale. Pili, hutazama muda ambao pakiti zimesubiri badala ya urefu wa foleni. Hilo la pili ni kazi ya Kathleen Nichols na Van Jacobson, waliyoichapisha mwaka 2012 kwa jina CoDel: pakiti zikiendelea kusubiri zaidi ya milisekunde 5 kwa kipindi cha milisekunde 100, anza kuziangusha moja moja hadi mtumaji apunguze. Mambo haya mawili yakiunganishwa huitwa FQ-CoDel. Toleo linalofaa zaidi ofisi ndogo ni CAKE, ambalo limo ndani ya Linux tangu toleo 4.19 la mwaka 2018.

Kwenye ruta ya Linux ambayo kiunganishi cha nje ni `eth1`, kazi yote ni mistari hii:

```
tc qdisc replace dev eth1 root cake bandwidth 1800kbit nat dual-srchost
ip link add ifb0 type ifb
ip link set ifb0 up
tc qdisc add dev eth1 handle ffff: ingress
tc filter add dev eth1 parent ffff: matchall action mirred egress redirect dev ifb0
tc qdisc replace dev ifb0 root cake bandwidth 8500kbit ingress nat dual-dsthost
```

Mstari wa kwanza ni wa kupandisha. Inayofuata huelekeza trafiki inayoingia kwenye kiunganishi cha kubuni ili nayo ipangwe. Maneno `dual-srchost` na `dual-dsthost` yana thamani kubwa: yanagawa njia kwa haki kati ya kompyuta na kompyuta, si kati ya mtiririko na mtiririko tu. Bila hayo, mwenye programu ya kushusha iliyofungua mitiririko 30 anapata sehemu 30 dhidi ya moja ya jirani yake. Neno `nat` huiwezesha ruta kutambua kompyuta halisi zilizojificha nyuma ya anwani moja ya nje.

Wanaotumia OpenWrt, mfumo huria wa ruta, watapata haya yote kwenye kifurushi cha SQM bila kuandika amri. Kwenye ruta za MikroTik, mfumo wake wa RouterOS 7 una CAKE na FQ-CoDel kama aina za foleni.

Mahali kazi hii inapoharibika panajulikana. Katika `tc`, amri ya kupanga foleni iliyotumika hapo juu, kuandika `mbps` kunamaanisha megabaiti kwa sekunde. Megabiti ni `mbit`. Kosa hilo huzidisha kikomo mara nane, na ruta haibani kitu. Kwenye MikroTik, kanuni ya FastTrack hupitisha trafiki pembeni ya foleni. Fundi anapanga foleni kwa uangalifu mkubwa na hakuna kinachobadilika mpaka aizime. OpenWrt nayo ina huduma ya kuharakisha mtiririko kwa maunzi, na inagombana na SQM kwa namna hiyohiyo. Amri za `tc` hufutika umeme ukikatika, kwa hiyo ziwekwe kwenye skripti ya kuwaka. Na kama ofisi ina modemu ya 4G ya akiba, kumbuka kwamba ina spidi nyingine kabisa: kiungo kikuu kikianguka, kikomo cha 8.5 kinaweza kuwa kikubwa kuliko uwezo wa akiba, na foleni ikarudi kwenye modemu. Weka kikomo tofauti kwa kila kiunganishi, na wakati wa akiba ufunge waifai ya wageni.

Kipaumbele: dawa yenye kipimo

Wengi huanzia hapa, na wanakosea. Ukiweka kipaumbele kwenye ruta yako wakati foleni iko kwenye modemu, unapanga mstari mtupu. Foleni ikishahama, kipaumbele kina kazi moja ya maana zaidi: sauti.

Mapendekezo ya G.114 ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano yanataka sauti ifike upande mmoja ndani ya milisekunde 150. Simu inayotumia G.711, njia mojawapo ya kugeuza sauti kuwa data, hutuma pakiti 50 kwa sekunde. Kila moja ina baiti 160 za sauti, 40 za vichwa vya itifaki na 18 za Ethaneti, jumla 218. Zidisha: kilobiti 87.2 kwa kila upande wa simu. Njia nyingine, G.729, hubana sauti hadi baiti 20 kwa pakiti, jumla 78, sawa na kilobiti 31.2. Ona jinsi vichwa vinavyokula zaidi ya sauti yenyewe.

Foleni ya kipaumbele cha moja kwa moja huhudumiwa kabla ya nyingine zote, kwa hiyo isipowekewa kikomo inaweza kuzinyima nyingine kabisa. Desturi ya wahandisi ni kuifungia kwenye theluthi ya kiungo. Theluthi ya 1.8 ni kilobiti 600: simu sita za G.711, au kumi na tisa za G.729. Simu ya saba ya G.711 haiharibiki peke yake. Kikomo hukata pakiti bila kuangalia ni za nani, hivyo wote saba wanasikia mikwaruzo. Kwa hiyo mtambo wa simu wenyewe uambiwe ukatae simu ya saba, kwa sababu ruta haijui kuhesabu mazungumzo. CAKE ikipewa neno `diffserv4` hutumia kipimo cha robo: sauti ikivuka robo ya njia inapoteza upendeleo wake.

Ili ruta ijue sauti ni ipi, simu huweka alama ya biti sita kwenye kichwa cha pakiti. Ya sauti ni 46. Usiiamini kutoka kwa kila kifaa, maana programu yoyote inaweza kujipachika. Iamini ikitoka kwenye mtandao pepe (VLAN, sehemu ya mtandao wa ndani iliyotengwa) wa simu za mezani tu. Na usitegemee ivuke kwenda kwa mtoa huduma, kwani kwenye intaneti ya kawaida alama hizo hufutwa au hupuuzwa. Kuchambua trafiki kwa namba za poti nako kumepitwa na wakati, kwa sababu karibu kila kitu, kuanzia mfumo wa malipo hadi video, kinapita kwenye poti 443 kikiwa kimefumbwa. Tenganisha kwa anwani na mitandao pepe: maabara hapa, wahasibu hapa, wageni kule.

Kugawa bila kunyima

Kosa la kawaida ni kumpa kila mtu kikomo kigumu, tuseme kilobiti 512. Saa kumi na moja jioni amebaki mtu mmoja anayetuma ripoti, na anatambaa kwa kilobiti 512 huku megabiti 8 zimelala.

Tumia mgao wenye namba mbili: kiasi cha uhakika na dari ya kuazima. Zahanati yenye megabiti 8.5 inaweza kuupa mfumo wa wagonjwa na maabara 4 za uhakika, utawala 3, wageni 1, na wote dari ya 8.5 isipokuwa wageni dari ya 3. Asubuhi kila mmoja ana chake. Usiku aliyebaki anaazima vya waliolala.

Jumla ya viasi vya uhakika isizidi kiungo. Hapo juu ni 8, imebaki nusu ya pumzi. Fundi akiandika 5, 4 na 2 kwenye njia ya 8.5, HTB, foleni ya Linux inayofanya mgao huu, itaheshimu ahadi zote na kupitisha 11, mlango mwembamba utarudi kwenye modemu, na kazi yote ya kuhamisha foleni itakuwa imebatilika kimyakimya. Ruta haitoi onyo lolote.

Kabla ya kugawa, punguza. Masasisho ya Windows yanaweza kuwekewa kikomo na yakagawana mafaili kati ya kompyuta za ndani kupitia Delivery Optimization. Shule inayotumia programu za masomo za Kolibri au Kiwix kwenye seva yake ya ndani haitumii hata kilobiti moja ya nje kwa masomo hayo.

Redio juu ya ziwa

Mengi ya hapo juu yanadhani kiungo kina upana usiobadilika. Kigoma dhana hiyo huvunjika haraka, kwa sababu viungo vingi vya mwisho ni redio, na baadhi vinapita juu ya Ziwa Tanganyika.

Tuseme redio ya gigahezi 5.8 inatoka mlimani mjini kwenda kijiji cha ufukweni kaskazini ya Kibirizi, kilomita 10. Mawimbi hayasafiri kama uzi, yanahitaji uwazi wenye umbo la yai kati ya antena mbili. Katikati ya kilomita 10, nusu kipenyo cha yai hilo ni mita 11.4, na walau asilimia 60 yake, mita 7 hivi, iwe wazi. Hilo kwa kawaida linapatikana. Adui ni maji. Ziwa tulivu huakisi mawimbi kama kioo, kwa hiyo antena inapokea nakala mbili, moja ya moja kwa moja na nyingine iliyodunda. Urefu wa njia zake ukitofautiana vibaya, zinafutana. Hewa juu ya ziwa inapobadilika joto asubuhi na jioni, mwelekeo wa mawimbi hupinda na hali hubadilika ndani ya dakika.

Redio haikatiki, inajishusha. Kutoka usimbaji wa 256-QAM, wenye biti 8 kwa kila alama, inaweza kuteremka hadi QPSK yenye biti 2. Uwezo unabaki robo au chini yake. Ruta iliyobanwa kwa megabiti 40 haijui kwamba redio sasa inabeba 15 tu, na foleni inahamia ndani ya redio.

Tiba ya kweli iko kwenye mlingoti. Weka ncha moja juu na nyingine chini ili sehemu ya kudunda isogee karibu na ncha ya chini, ikiwezekana iangukie nchi kavu yenye miti badala ya maji. Tafuta kilima au kingo inayoziba njia ya kudunda bila kuziba ile ya moja kwa moja. Tumia antena yenye mwale mwembamba zaidi. Kwa kiungo kinachobeba hospitali, funga antena mbili zilizopishana kimo. Ni nadra zote mbili kufutwa kwa wakati mmoja. Kwenye ruta, bana kwa kiwango cha chini kinachojirudia, hata kama ni 15. Au tumia cake-autorate kwenye OpenWrt, ambayo hupima ucheleweshaji kila mara na kusogeza kikomo juu na chini.

Tabora haina ziwa kama hili, lakini ina miombo. Kiungo kilichofungwa Agosti miti ikiwa imepukutika hupima vizuri sana. Mvua zikishika, majani mabichi yenye maji hunyonya mawimbi, na kiungo kilekile kinadhoofika hadi masika yaishe. Pandisha antena juu ya vilele vya miti, usipime kwa macho ya kiangazi.

Waifai ya ndani ina tabia ya kufanana. Kifaa cha zamani kinachotuma kwa megabiti 1 kinashika hewa milisekunde 12 kwa pakiti moja ya baiti 1,500, na muda huo wote wengine wamenyamaza. Zima viwango vya kale vya 802.11b, tumia chaneli 1, 6 na 11 pekee kwenye gigahezi 2.4, na kompyuta zisizohama ziunganishwe kwa waya.

Ni lini kununua zaidi kunasaidia

Baada ya yote haya, rudia kipimo cha ping wakati wa kupandisha faili. Nyongeza ya milisekunde chini ya 30 ni nzuri. Tazama pia `tc -s qdisc show dev eth1`. Pakiti zilizoangushwa zitakuwepo, na hazikutishe, hizo ndizo ishara zinazowaambia watumaji wapunguze. Acha programu ya SmokePing ichore ucheleweshaji kwa wiki mbili za kazi.

Ucheleweshaji ukiwa chini lakini watu bado wanasubiri mafaili, basi njia kweli ni nyembamba, na hesabu itakuonyesha upande upi. Mkutano wa video wa ubora wa kawaida hula megabiti 1 hadi 2 kila upande. Ofisi yenye mikutano miwili kwa wakati mmoja inahitaji 3 za kupandisha, na kiungo kina 1.8. Hapo hakuna foleni ya kupangwa.

Ukienda kwa mtoa huduma, uliza wateja wangapi wanagawana upana huo: mmoja kwa mmoja, wanne, au kumi. Uliza upatikanaji umeahidiwa kiasi gani, maana asilimia 99.5 ni saa 3.6 za kukatika kwa mwezi wa siku 30, na 99.9 ni dakika 43. Na kwa ofisi kama hii, yenye 10 kwa 2 na mikutano miwili, omba 10 kwa 5 kabla ya kukubali 20 kwa 2.